Kuki: usiiulize brauza, ijaribu

Kuna kitu kinanikera kwenye website nyingi, hasa zile za kuomba chuo, kuomba kazi, kulipia vitu. Mtu anaweka email, anaweka paswedi, anabonyeza ingia, ukurasa unajirifreshi na kumrudisha palepale kwenye fomu bila hata neno moja. Anajaribu tena, anadhani kasahau paswedi, anaenda kuibadilisha, anarudi, yaleyale. Kumbe paswedi haina tatizo lolote, brauza yake imezima kuki tu na aliyetengeneza website hakujisumbua kuangalia.

HTTP, yaani lugha ambayo brauza na seva wanaongea, yenyewe haina kumbukumbu, kila ombi linafika kwa seva kama limetoka kwa mtu asiyejulikana, ndo maana mwaka 1994 Lou Montulli, mtengeneza programu pale Netscape, kampuni ya brauza, akaja na kuki, yaani seva inampa mgeni kikaratasi na akirudi anakionyesha. Bila hicho kikaratasi kulogini sahau.

Sasa ili kujua kama kuki zimezimwa, wengi wanaandika kwa JavaScript navigator.cookieEnabled, inajibu true (ndiyo) au false (hapana), wanaona kazi imeisha. Mimi siiamini hata kidogo. Hiyo inakuambia brauza inadai nini, haikuambii kama kuki yako wewe imepokelewa. Ukurasa wako ukiwekwa kwenye iframe, yaani kidirisha ndani ya website ya mtu mwingine, Safari (ambayo tangu Machi 2020 inazuia kuki za nje zote, yaani za website isiyo ile uliyofungua) imejulikana kujibu true huku ukiandika kuki haikai. Na kuki yenye alama ya Secure (ipite kwa https tu) ukiituma kwa http ya kawaida inatupwa kimyakimya, hakuna anayekuambia.

Kwa hiyo jaribu kweli. Kwa JavaScript andika kuki ndogo kwenye document.cookie, isome hapohapo, ukiikuta ifute kwa kuipa tarehe ya kuisha ya 1970. Ila ya seva ndo ya uhakika zaidi, na hapa ndo watu wa PHP wanapotea, anaita setcookie() kuweka kuki, mstari unaofuata anaangalia $_COOKIE, zinakokaa kuki zilizofika, anakuta tupu, anasema mgeni kazima kuki. Siyo jamani! Kuki inaondoka na jibu la seva, utaiona kwenye ombi linalofuata. Wengine wanatatua kwa redirect, yaani kumtuma mgeni kwenye ukurasa mwingine ili ombi la pili lije na kuki, wanasahau kuweka alama kama ?jaribio=1 kwenye linki kuonyesha ameshajaribiwa, basi mgeni aliyezima kuki anazungushwa mpaka brauza yenyewe inagoma. Redirect ya nini wakati fomu ya kulogini tayari ni maombi mawili? Fomu ikifunguka weka kuki, ikitumwa angalia kama imerudi. Django, zana ya kutengeneza website kwa Python, wana set_test_cookie() na test_cookie_worked() kwa kazi hiyohiyo.

Na jaribio hilo uliweke hapo kwenye kulogini tu, siyo mlangoni. Aliyekuja kusoma habari kuki za nini? Halafu Googlebot, roboti ya Google inayosoma website, haitunzi kuki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ukifunga mlango umeifungia na yenyewe, kesho unalalamika huonekani kwenye Google.

Kuna na wale wanaosema basi badala ya kuki tuweke namba ya seshen, ile inayomtambulisha aliyelogini, kwenye linki. Hapana. Mtu anakopi linki anaitupa kwenye grupu la WhatsApp, wa kwanza kuibonyeza yuko ndani ya akaunti ya mwenzake.

Lile bango la "kubali kuki zote" ni habari nyingine kabisa, lile linahusu ridhaa, na hata sheria za Ulaya haziombi ridhaa kwa kuki ambayo kulogini hakuwezekani bila hiyo.

Ukishagundua kuki zimezimwa, sema kwa Kiswahili cha kawaida: "Brauza yako imezuia kuki, ndiyo maana hatuwezi kukuingiza. Ziruhusu kwa website hii kwenye mipangilio kisha jaribu tena, paswedi yako haina shida." Na email aliyoandika muachie kwenye kisanduku, asianze upya.