Thripsi wa kuvu na nywele zake: hadubini itangulie, au DNA?

Gonga tawi kavu la mutuba, ule mti wa Uganda ambao gome lake hutengenezwa nguo, mara tatu juu ya sinia jeupe, kisha subiri vumbi la gome litulie. Kati ya utitiri na sisimizi wanaokimbia ovyo utaona kijidudu cheusi, chembamba, kifupi kuliko punje ya ufuta, kinatembea taratibu huku kimeinua ncha ya tumbo. Huyo ni thripsi, na si yule anayemsumbua mkulima wa vitunguu. Huyu hali jani bichi wala ua. Chakula chake ni kuvu inayoota kwenye mti uliokufa.

Wanne wa namna hiyo, majike watatu na dume mmoja, ndio waliowabishanisha wanafunzi wawili niliokaa nao hapa Kampala. Waliwapata pembezoni mwa msitu wa Mabira, na katika maandishi yote tuliyo nayo hatukuona spishi inayolingana nao. Wa kwanza alishaamua. "Mwalimu, mambo ya kuhesabu nywele yamepitwa na wakati. Tusome DNA, jibu lije, tuandike." Mwenzake alikuwa ameinamia hadubini tangu asubuhi, na hakuinua hata kichwa. "Na jibu likija, utalilinganisha na nini?"

Swali hilo sijaliacha tangu siku ile. Wote wawili wana hoja nzito, na anayetaka kuzipima vizuri sharti kwanza aone kuna nini ndani ya mdudu mwenye urefu wa milimita mbili.

Spishi za thripsi zinazojulikana duniani zimepita 6,000. Mwaka 1836 mtaalamu wa wadudu Haliday aliliita kundi hili zima kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mbawa za tamvua, na ukimwona mmoja kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha hadubini, utakubali kwamba jina limemkaa: ubawa ni ufito mwembamba tu, na pembeni yake zimening'inia nyuzi ndefu kama tamvua za kikoi. Kundi limegawanyika pande mbili. Jike wa upande mmoja ana msumeno mdogo wa kupasulia jani ili atage ndani yake, na huko ndiko waliko karibu wote wanaoharibu mazao. Wa upande wa pili hana msumeno. Pingili yake ya mwisho imekuwa bomba, na mayai huyaweka juu ya gome au jani kavu. Karibu nusu ya hawa wenye bomba hula kuvu.

Mdomo ndio unaonistaajabisha kila mara. Thripsi ana taya moja tu, la kushoto. La kulia hupotea akiwa bado ndani ya yai. Taya hilo hutoboa, kisha sindano mbili ndefu huungana kuwa mrija wa kufyonzea. Kwa wale wanaofyonza nyuzi za kuvu, kila sindano ina upana wa mikromita 2 au 3. Wanaomeza spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, nzimanzima wana sindano pana zaidi, mikromita 5 hadi 10, maana spora sharti ipite. Unywele wa kichwa cha binadamu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo tunazungumza vitu ambavyo jicho tupu halitaviona kamwe. Hata hivyo hadubini nzuri huvionyesha bayana, na kwa jike mmojawapo wa Mabira ilionyesha zaidi ya hapo: spora za kahawia zimejipanga ndani ya utumbo wake, nyingine bado nzima. Mlo wake wa mwisho tuliuona kwa macho.

Hapo ndipo hoja ya wanahadubini inapopata nguvu. Umbo la mdudu husema anaishije. Meno kwenye miguu ya mbele ya dume huonyesha kwamba huenda anapigana. Mbawa zikiwa fupi mno, huyo harukii mti mwingine. Nywele nazo kila moja ina mahali pake: tano kubwa kila upande wa kifua cha mbele, nyingine nyuma ya macho, nyingine juu ya bomba. Unaangalia urefu wake, na unaangalia ncha, kama ni kali, butu, au imefumuka kama mdomo wa tarumbeta. Kwenye kipapasio unahesabu koni za hisi za pingili ya tatu na ya nne. Kuna kibamba mwanzoni mwa tumbo ambacho kwa spishi moja kinafanana na kofia na kwa nyingine na pembetatu. Maelezo ya spishi moja hujaza kurasa kadhaa, na anayeyasoma mara ya kwanza huona uchovu mtupu. Sikubaliani naye. Kila mstari wake ni swali ambalo mtu wa Gulu au wa Mbarara anaweza kuliuliza kwa mdudu wake mwenyewe na akapata jibu bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini umbo nalo hudanganya, na katika thripsi wa kuvu hudanganya sana. Dume mkubwa na dume mdogo wa mama mmoja wanaweza kuonekana kama watu wa koo mbili: huyu ana mapaja ya mbele yaliyovimba na jino kubwa, yule anafanana na jike. Wengine wana mbawa, ndugu zao hawana. Ipo spishi iitwayo Ecacanthothrips tibialis, inayoishi kwenye matawi makavu kuanzia Afrika hadi Australia. Madume yake yanatofautiana kiasi kwamba wataalamu wa zamani waliyapa majina kadhaa, na baadaye ikaonekana yote ni mdudu mmoja. Kusoma DNA kungewaepusha na kosa hilo. Mwanafunzi wangu wa kwanza ana haki ya kulisema hili kwa sauti, tena sisi tuna dume mmoja tu.

Ana hoja nyingine, ya haraka. Misitu haitungoji. Mwaka 2007 mpango wa kugawa sehemu ya Mabira ipandwe miwa ulileta maandamano na vifo jijini Kampala. Msitu ulisalimika, lakini kila mtu alielewa jinsi unavyoweza kuondoka upesi. Wataalamu wa thripsi duniani ni wachache mno, na slaidi moja iliyoandaliwa vizuri huchukua siku kadhaa za kumhamisha mdudu kutoka kileo kimoja hadi kingine kabla hajalazwa kwenye balsamu, utomvu unaoganda na kumhifadhi. Kwa mwendo huo, tutamaliza kuandika lini?

Wapo waliolijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwa mkupuo mmoja spishi mpya 403 za nyigu wa Kosta Rika, wakitegemea zaidi kipande kifupi cha DNA pamoja na picha ya kila mmoja. Wengi waliwasifu. Wengine walikasirika, na nadhani nawaelewa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hudai jina jipya liambatane na maneno yanayoonyesha tofauti ya spishi hiyo na nyingine. Je, orodha ya herufi za DNA ni maelezo? Kisheria inaweza kupita. Kwa aliyeshika mdudu mkononi bila mashine ya kumsomea, haimsaidii chochote.

Kwa thripsi wa Afrika kuna kikwazo kikubwa kuliko hicho, nacho ndicho alichokuwa anakigusa yule mwanafunzi wa pili. Spishi nyingi za kwetu zilielezwa zamani, na vielelezo vyake vya asili vimelala ndani ya balsamu kwenye makabati ya Ulaya. Wengi wao walichemshwa kwa magadi makali ili nyama iyeyuke na ngozi ionekane, na katika slaidi ya namna hiyo usitegemee kupata DNA. Zilizobaki ni nywele, sindano na bomba. Ukitaka kuthibitisha kwamba wako ni mpya, lazima ulinganishe nywele zake na nywele za wale. Hazina ya DNA ya thripsi wanaokula kuvu wa bara hili bado ni nyembamba, hivyo jibu likija linaweza kuwa "hakuna anayefanana naye", na sababu ikawa tu kwamba jirani yake hajawahi kusomwa.

Na mambo haya hayaishii msituni. Chukua sanduku la pilipili kali linalosubiri ndege Entebbe. Mkaguzi anakuta thripsi mmoja. Akiwa wa msumeno, mzigo uko mashakani, na mkulima wa pilipili anaweza kupoteza msimu. Akiwa wa bomba, mwenye sindano pana na spora tumboni, huenda ameanguka tu kutoka jani kavu lililokuwa juu ya kreti. Sisemi kila mwenye bomba hana hatia, maana wapo wanaokunja majani mabichi ya miti ya mtini. Lakini mkaguzi anayejua anatomia hupata mwelekeo ndani ya dakika chache, ndege ikiwa bado uwanjani. DNA itampa jibu wakati pilipili imeshaoza.

Basi nasimama wapi? Hadubini itangulie, kwa ukamilifu wake wote, unywele kwa unywele. Lakini isiende peke yake, na siku hizi hakuna sababu ya kuiacha iende peke yake. Mdudu mzima anaweza kulowekwa kwenye kimeng'enya kinachoyeyusha nyama bila kuharibu ngozi. Maji yake yanakwenda kusomwa DNA, na ganda linalobaki linalazwa kwenye slaidi. Mdudu mmoja anatoa ushahidi wa aina mbili. Wala nisisikie kwamba kusoma vinasaba ni mambo ya Wazungu: wakati wa Uviko taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilisoma vinasaba vya virusi papa hapa. Ninachokikataa ni kuiacha elimu ya umbo kwa kuwa ni ya polepole. Mashine ya kusoma DNA ikiharibika tunaweza kusubiri kipuri. Mtu anayejua kusoma mwili wa thripsi akikosekana, kumpata mwingine ni kazi ya miaka kumi.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hawakubishania, nami naliona zito kuliko yote. Kanuni za majina zinataka kila spishi mpya iwe na kielelezo mama, yaani mdudu halisi ambaye jina limefungwa kwake, na maandishi yaseme kimehifadhiwa wapi. Uganda ina kanuni zake za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawo wa faida, na mtafiti hupitia baraza la taifa la sayansi kabla ya kuanza kazi. Hata hivyo kibali hakijengi kabati. Slaidi hutaka chumba kikavu, mtunzaji anayelipwa mshahara, na orodha isiyopotea. Tukimtangaza thripsi wa Mabira kisha slaidi yake ikaliwa na ukungu Kampala, tutakuwa tumemwandika mdudu ambaye hakuna atakayeweza kumtazama tena. Tukimpeleka nje, mwanafunzi wa Jinja atahitaji viza ili aone mdudu aliyetoka kilomita chache na kwao. Mimi napendelea abaki, nikijua hatari yake. Jike mmoja wa ziada aende kwenye makumbusho kubwa ya nje kama akiba, kielelezo mama kikae nyumbani, na fedha za kabati ziombwe kwenye bajeti ileile inayoomba fedha za DNA.

Wale wanne bado hawana jina. Majike wawili wameshalazwa kwenye balsamu, wa tatu yuko kwenye kileo akingoja kimeng'enya, na dume hatujamgusa. Kibandiko cha kila slaidi kina mahali, tarehe na neno "mutuba, tawi kavu lililoning'inia". Mvua za Septemba zikianza, kuvu itaota upya, na wanafunzi wote wawili wamekubaliana kurudi kwenye mti uleule na sinia lilelile kutafuta madume zaidi, wakubwa kwa wadogo.