Brandon Aubrey hakubahatisha, tuache kusema hivyo

Kuna stori ya Brandon Aubrey inazunguka sana mitandaoni na kila nikiiona inanikera, ile kwamba jamaa alikuwa kakaa nyumbani na mke wake wanaangalia NFL, ile ligi kuu ya futiboli ya Marekani, mke akamuona mpigaji, yule anayeingia kupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, anapiga akamwambia mbona hata wewe unaweza hiyo, halafu paap, jamaa staa wa timu ya Dallas Cowboys. Sehemu ya mke ni kweli kabisa, wenyewe wameisimulia. Ila ikipigwa kifupi namna hiyo inaruka miaka kama mitatu ya katikati, na inaruka maisha yake yote ya soka kabla ya hapo, na mimi nasema hapo ndo penyewe.

Aubrey ni mtoto wa Plano, Texas, kazaliwa 1995, na alikuwa mchezaji wa soka wa kweli. Alienda chuo cha Notre Dame na mwaka wake wa kwanza pale, 2013, timu ikabeba ubingwa wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2017 Toronto FC wakamchagua akiwa namba 21 kwenye drafti ya MLS, yaani pale timu za ligi kuu ya soka ya huko zinapochagua vijana kwa zamu, na ukichaguliwa namba 21 kati ya vijana wa nchi nzima ujue mpira unaujua. Ila timu kubwa ya Toronto hakuwahi kuigusa, akacheza Toronto FC II, 2018 akawa Bethlehem Steel ambayo ilikuwa chini ya Philadelphia Union, beki huyo, na baada ya hapo soka likaisha. Akarudi Texas akaingia ofisini kuandika programu za kompyuta, na angebaki huko huko hakuna ambaye angemlaumu, kazi nzuri, mshahara unaingia, ana mke.

Sasa watu wanadhani ukishakuwa na mguu wa soka basi umemaliza. Hapana jamani. Kwanza ule mpira wa futiboli wenyewe haujakaa duara, ukiugusa vibaya kidogo tu unaenda unayumba. Halafu haukusubiri kama fri kiki, unarushwa kutoka mbele, mwenzako anaudaka anausimamisha chini, na wewe mpaka umepiga imepita sekunde moja na kitu tu, huku majitu yanakuja na mikono juu kuziba. Na upana wa milingoti ni kama mita 5.6 wakati goli letu la soka lina mita 7.32, mwamba wao uko juu mita 3 na ushee, wa kwetu mita 2.44. Kwa hiyo goli jembamba zaidi, liko juu, na inabidi upitishe juu ya mwamba. Beki aliyezoea kupiga mpira mrefu ukadondokea winga popote pale upande wa kulia, hapa anatakiwa aache tabia yote hiyo na ajifunze kupiga kitu kimoja, vile vile, kila mara.

Hiyo ndo aliyoifanya. Alimtafuta kocha anaitwa Brian Egan, ambaye enzi zake alikuwa mpigaji wa chuo cha Mississippi State, wakawa wanafanya mazoezi akitoka kazini. Hakuna timu iliyomuahidi kitu. Hakuna mshahara wa hiyo kazi. Alikuwa anaingia umri ambao wachezaji wenzake wa chuo walishaanza kuuita wa kustaafu, na hata video za kuonyesha watu alivyopiga kwenye mechi hakuwa nazo kwa sababu mchezo huo hakuwahi kuucheza kwenye mechi hata chuoni. Hebu fikiria unamwambia bosi wako unawahi kutoka kwenda kupiga mpira wa NFL wakati hujawahi kuucheza.

2022 ndo Birmingham Stallions wakampa nafasi kwenye USFL, ile ligi ndogo ya futiboli ya majira ya kuchipua ambayo watu wengi walikuwa hawaiangalii. Wakabeba ubingwa mwaka huo, wakabeba tena 2023. Na mimi naiheshimu sana ile ligi kwa hilo, maana mtu wa aina ya Aubrey bila sehemu ya kuonekana, hata awe na mguu gani, anabaki hadithi ya ofisini.

Cowboys wao walikuwa na kidonda. Januari 2023 kwenye mechi ya mtoano na Tampa Bay mpigaji wao Brett Maher alikosa pointi za nyongeza nne mfululizo, yaani zile za kupiga karibu baada ya timu kufunga, ambazo watu hata hawaangalii wanaenda kuchukua soda. Kwa hiyo Julai wakamsaini huyu mtu wa soka mwenye miaka 28. Mechi ya kwanza kabisa, ugenini kwa Giants, mvua inanyesha, pigo lake la kwanza la NFL, pointi ya nyongeza, akakosa! Ningekuwa mshabiki wa Cowboys siku ile ningeshika kichwa. Lakini baada ya hapo akapiga fildi goli 35, yale mapigo ya pointi tatu, bila kukosa hata moja, hakuna aliyewahi kuanza NFL hivyo, na Desemba dhidi ya Eagles akapiga ya yadi 60 na ya yadi 59 kwenye mechi moja. Msimu wake wa kwanza tu akaingia kikosi bora cha ligi nzima.

2024 dhidi ya Ravens akapiga ya yadi 65. Septemba 2025 Giants tena, Cowboys wako nyuma 37-34, muda unaisha, anapiga yadi 64 inaingia, mechi inaenda muda wa nyongeza, na huko huko anapiga ya yadi 46 wanashinda 40-37. Yadi 64 ni mita 58 na nusu. Uwanja wetu wa mita 105, ukisimama katikati kabisa una mita 52 na nusu mpaka goli, sasa rudi nyuma zaidi kwenye nusu yako, ndo alipopigia.

Na hapa kuna kitu wachambuzi wa Marekani wanakisahau wakimzungumzia kama muujiza, kwamba upigaji wote wa kisasa kwenye mchezo wao umetoka kwenye soka. Zamani walikuwa wanapiga kwa ncha ya kidole, wanakuja wamenyooka. Pete Gogolak, ambaye familia yake ilikimbia Hungaria baada ya 1956, ndo aliingia Buffalo Bills 1964 akaja kwa pembeni na kupiga kwa juu ya mguu kama tunavyopiga sisi, na leo hakuna anayepiga kwa njia ile ya zamani. Jan Stenerud, Mnorwe, naye alipiga hivyo hivyo. Obed Ariri na Donald Igwebuike, Wanaijeria wawili waliopitia chuo cha Clemson, wote wakaja kupigia Tampa Bay Buccaneers miaka ya 80. Na Cowboys hawa hawa 1971 walimtoa Toni Fritsch huko Vienna, jamaa ambaye 1965 alifunga mawili Wembley Austria ikaifunga England 3-2, England ile ile iliyobeba Kombe la Dunia mwaka uliofuata! Mtu huyo utamwitaje aliyefeli soka?

Ndo maana nikisikia mtangazaji anasema Aubrey alipoteza miaka yake kwenye soka naona hajaelewa anachokiangalia. Ule mguu ulijengwa Plano, Notre Dame na Toronto, kwa kupiga mpira mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyekulia kwenye futiboli yao tu. Egan akaunyoosha. Na akili ya kukosa mbele ya watu na kurudi kupiga tena, hiyo beki anaijua, beki akikosea ni goli.

Rekodi ya umbali kwa sasa iko kwa Cam Little wa Jacksonville, yadi 68, aliipiga 2025, na mimi naamini Aubrey ataipita akipewa nafasi maana mguu anao. Watu wanasema umri umeenda. Morten Andersen, Mdenmark aliyekulia kwenye soka naye, alipiga NFL mpaka ana miaka 47.