Silikanti wa Tanga na bei ya kumwacha hai

Wakati wa maleleji, upepo ukiwa umelala, mashua hutoka Mwambani na Kigombe, pwani ya Tanga, jioni zikiwa na majarife. Jarife ni wavu wa macho mapana, uliofumwa kwa ajili ya papa, taa na jodari. Hushushwa jua likizama, huachwa limesimama majini usiku kucha, huvutwa alfajiri. Zamani lilitegwa maji ya kadiri. Samaki wa karibu na miamba walipopungua, wavuvi wakaanza kulishusha chini zaidi, kwenye mteremko ambako sakafu ya bahari inakatika na kuingia kilindini. Huko ndiko lilikokutana na samaki ambaye hakuna mvuvi aliyemtafuta wala anayemla: silikanti.

Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za madinosaria, mpaka Desemba 1938 alipoonekana mmoja kwenye mavuno ya meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini. Aliyegundua kwamba huyo si samaki wa kawaida ni Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, na jina la kisayansi la silikanti, Latimeria, limetokana na jina lake. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na wanamwita gombessa. Kwetu alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, Songo Mnara, Kilwa. Kisha ikaja zamu ya Tanga, na hapa mambo yakawa mazito: kati ya mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005 walinaswa zaidi ya kumi kwenye majarife ya kina kirefu. Samaki aliyekuwa akihesabiwa mmojammoja duniani alikuwa anateremshwa ufukweni kwetu kama mzigo usio na mnunuzi.

Serikali ikaitikia. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga, yenye kilometa za mraba 552, kuanzia mlango wa mto Pangani hadi Mafuriko, kaskazini mwa jiji. Ni hifadhi ya bahari ya tatu Tanzania Bara, baada ya Mafia na ile ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma. Miaka miwili baadaye utafiti wa vinasaba ulionyesha kuwa silikanti wa Tanga ni kundi lenye nasaba yake, tofauti na lile la Komoro. Kwa hiyo hawa si wageni waliosukumwa na mkondo. Hapa ni kwao.

Tangu hapo kuna mabishano juu ya masharti ya hifadhi hiyo ambayo hayajaisha, na mimi siamini kuwa upande mmoja umejaa ukweli na mwingine umejaa ujinga.

Nianze na wavuvi, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa wapungukiwe. Ukikaa soko la samaki la Deep Sea, jijini Tanga, asubuhi, boti zikishusha, hoja yao utaipata bila kuitafuta. Wanasema silikanti hawamtaki. Nyama yake imejaa mafuta ya ajabu, ladha mbaya, na anayeila huharisha. Hauziki. Akinaswa, anachana wavu na kuchukua nafasi ya papa. Wao na watetezi wake wanakubaliana jambo moja, kwamba asiingie wavuni kabisa. Wanachouliza ni kwa nini hifadhi nzima, na masharti yake, imekaa juu ya mgongo wa mtu ambaye hana nia mbaya na samaki huyo.

Wana hoja ya pili, nayo ina uzito zaidi kuliko inavyopewa. Wanauliza walishuka kilindini kwa nini. Kwa miaka mingi mwambao wa Tanga ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana mabomu ya baruti Tanzania. Bomu moja linavunja tumbawe lililochukua miongo kukua, linaua dagaa na mtoto wa changu pamoja na mkubwa, na wengi wa waliokufa wanazama bila kuokotwa. Baruti ilikuwa marufuku kisheria miaka yote hiyo, lakini ilisikika mchana kweupe. Mvuvi wa mshipi na mvuvi wa jarife hawakuitega. Waliipata hasara yake. Miamba ya karibu ilipokuwa vifusi, mwenye uwezo wa kununua kamba ndefu alikwenda mbali na chini. Leo anaambiwa na huko chini pana mwenyewe.

Ya tatu ni faida. Kule Mafia watu wa boti wanaingiza fedha kwa kuwapeleka wageni kuogelea na papa potwe, kwa sababu potwe anaelea juu na mgeni anamwona kwa miwani ya kuogelea tu. Silikanti anashinda mapangoni, kwenye giza, mita mia na zaidi chini ya maji. Hakuna mtalii wa kawaida atakayemfikia. Wenzetu wa Komoro angalau wamemfanya fahari ya taifa, hata timu yao ya mpira inaitwa kwa jina lake. Tanga hatujafika huko. Timu yetu, Coastal Union, inaitwa Wagosi wa Kaya, na watoto wengi wa Ngamiani hawajawahi kuona hata picha ya samaki ambaye bahari yao imepewa jina lake. Anayeombwa kujinyima kwa ajili ya kiumbe asiyemwona, asiyemla na asiyemlipa, ana haki ya kuuliza.

Sasa upande wa pili. Nadhani hata wengi wanaoutetea hawautetei kwa hoja yake iliyo kali kuliko zote.

Hoja hiyo imepatikana baada ya hifadhi kuanzishwa. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuchunguza magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa kwenye makusanyo. Kabla ya hapo makadirio yaliyozoeleka yalisema samaki huyu anaishi miaka 20 hivi. Walipoyatazama magamba kwa mwanga maalumu, waliona mistari myembamba ya ukuaji ambayo haikuwa imeonekana, kama miduara ya gogo la mti. Makadirio yao ni kwamba silikanti anaweza kufika karibu miaka 100, jike hupevuka akiwa na miaka hamsini na kitu, na mimba yake inachukua miaka 5 hivi. Hatagi, anazaa watoto walio hai, na ni wachache. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni, na hiyo ndiyo idadi inayotajwa kuwa kubwa.

Tuiweke hesabu hiyo kwenye kalenda yetu. Jike aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, ndiyo kwanza anaanza uzazi miaka hii. Amepita Azimio la Arusha, vita vya Kagera na kurudi kwa vyama vingi bila kuacha mtoto hata mmoja. Akinaswa jana, aliyetoweka ni miaka sitini ya bahari iliyokuwa karibu kuleta kizazi. Jodari akipungua, ukimpumzisha miaka michache unaweza kumwona akirudi. Silikanti ukimpunguza leo, mjukuu wako ndiye atakayejua kama amerudi.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba kunasa wawili watatu kwa mwaka si neno. Kwa samaki wa aina nyingine wangekuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hata mipango ya mwanzo ya hifadhi ilifikiriwa wakati wengi wakiamini silikanti ni samaki wa miaka ishirini. Kipimo kimebadilika mara tano, na sioni kwamba mjadala wetu umebadilika nacho.

Kuna jambo jingine linalofanya ajali hii iwe mbaya. Silikanti hulala pangoni mchana na kutoka usiku kuwinda akipita kando ya mteremko. Jarife nalo linasimama usiku, kando ya mteremko uleule. Ratiba zao zimefanana. Na pindi akivutwa juu, kumwachia hakusaidii sana. Mwili wake umezoea maji ya baridi. Akifika maji ya juu yenye joto, damu yake inashindwa kubeba hewa ya kutosha, naye amechoka kwa kupigana na wavu. Wengi hufa ndani ya saa chache. Kwa kasa kauli ya “mrudishe baharini akiwa hai” ina maana, kwa sababu kasa aliyefunguliwa wavuni mapema huogelea akaenda. Kwa silikanti, wokovu pekee ni wavu kutokuwapo alipo.

Na huu ndio msingi wa ninachotaka kusema. Ukiziweka hoja hizi pamoja, unaona kwamba adui mkuu wa silikanti si uvuvi kwa jumla. Ni chombo kimoja, kwenye kina kimoja, wakati mmoja wa siku. Mwenye ngalawa anayevua changu kwa mshipi hamgusi. Mwenye dema, ule mtego wa kusukwa, hamgusi. Mama anayechokoa pweza maji yakitoka hamgusi hata kidogo. Kila sharti la hifadhi linalomgusa mtu wa namna hiyo linaweza kuwa na sababu yake nyingine, ya tumbawe au ya kasa, lakini lisitolewe kwa jina la silikanti. Likitolewa kwa jina lake, linamtengenezea chuki asiyostahili.

Ningependa sharti moja gumu lisilo na mlango wa nyuma: jarife lisitegwe kwenye mteremko wa kina wa hifadhi hii. Najua gharama yake. Papa mkubwa yuko hukohuko, na papa mkavu bado ana soko pwani nzima. Kwa hiyo anayekatazwa alipwe kwa kubadilishiwa zana: apokewe majarife yake na apewe nyavu za kuvua samaki wa juu, au mishipi na mashine ya boti. Kumwambia mtu “acha” na kumpa semina ya siku mbili hakuchukui nafasi ya wavu alioununua kwa mkopo.

Pingamizi kubwa la pendekezo hili nalijua pia. Litasimamiwaje? Baruti inasikika, jarife halisemi. Hakuna boti ya doria inayoweza kuona wavu ulio mita themanini chini, usiku, na mafuta ya doria hayajawahi kutosha. Ninachoona ni kwamba wavuvi wanajuana kwa chelezo, yaani boya linaloonyesha wavu ulipo. Anayepita alfajiri anajua chelezo hii ni ya nani na imeegemea upande gani wa mwamba. Ulinzi wa kina kirefu utategemea kamati za vijiji za usimamizi wa fukwe kuliko askari, na kamati hizo hazitamtaja jirani yao kwa ajili ya sharti wanaloliona la dhuluma. Hii ndiyo sababu nataka sharti liwe jembamba.

Usawa pia una sehemu yake. Mpango wa kujenga bandari ya kina kirefu Mwambani uliendelea kuzungumzwa hata baada ya eneo hilo kuingizwa ndani ya hifadhi, ingawa baadaye fedha zilielekezwa kupanua bandari iliyopo. Chongoleani, hapa hapa Tanga, linakuja bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na meli za kubeba mafuta hayo zitakuja nalo. Sisemi Tanga isiwe na bandari wala bomba. Jiji hili limeona viwanda vikifungwa na mkonge ukianguka. Kijana wa Chumbageni anahitaji kazi, naye si adui wa samaki yeyote. Lakini mvuvi anaona. Akiona mwenye mtaji anajadiliwa naye kwa miaka na yeye anakamatwa kwa usiku mmoja, atahitimisha kwamba hifadhi ni ya kuwazuia wadogo.

Wanaodhani tangazo la serikali linatosha wapande boti kutoka Ushongo, Pangani, waende Maziwe. Kisiwa hicho kilikuwa na mivinje, na kilikuwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa nchini. Kilitangazwa hifadhi miaka ya 1970. Miti ikakatwa hata hivyo, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa fungu linalofunikwa na maji kila yakijaa. Kasa bado wanapanda kutaga kwenye mchanga uleule, na mayai yao yasipohamishwa hadi pwani ya Ushongo yanazama. Hifadhi ilikuwapo kwenye karatasi siku zote miti ilipokuwa ikianguka.

Kuna dogo moja linaloweza kuanza kesho bila kusubiri bajeti. Leo mvuvi aliyevuta jarife akamkuta silikanti ana njia mbili: kumleta ufukweni na kuulizwa alitega wapi, au kukata wavu amtupe gizani. Mwenye akili timamu na watoto nyumbani atamtupa. Akitupwa, hatujui alikuwa na urefu gani, alinaswa kina gani, kama alikuwa na mimba, na ni wangapi wanaokufa kwa mwaka. Mtu huyo aruhusiwe kumleta Kigombe au Deep Sea mchana, apimwe, aandikwe, achukuliwe magamba machache, na mvuvi aende zake bila kesi na akiwa amelipwa thamani ya wavu uliochanika.