Mulika mwizi

Hivi ni nani aliyewaambia wake zetu kwamba mtoto lazima atembezwe jioni? Mimi nilitembezwa na nani? Mimi nilitumwa. Mama anatema mate chini, "Kaniletee kiberiti, na ole wako yakauke kabla hujarudi." Matembezi yangu ndiyo hayo.

Huyu wangu wa miaka mitano, saa kumi na mbili ikigonga amevaa gambuti na kusimama mlangoni kama askari wa zamu. "Mzungushe achoke, alale mapema," mama yake anasema. Sawa. Lakini na mimi nina ratiba yangu. Hapa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na kwa vile ikweta iko hapo tu Mogotio, giza halibishi hodi. Kati ya jua kuzama na mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa juu ya mlingoti, kuwaka napata kama dakika ishirini za giza safi. Duka liko chini kabisa ya ule mlingoti, nami niko kwenye kitabu cha duka, shilingi 340, tangu mwisho wa mwezi. Njia ya nyuma ina mtaro na mbwa.

Kwa hiyo nikavaa kofia, nikaishusha hadi kwenye nyusi, tukatoka.

Mtoto hatembei. Anakagua. Kwa fundi wa viatu alisimama kuhesabu vilivyo vya mguu mmoja. Kwa muuza smokie akataka kuelezwa kwa nini kachumbari inapakwa kwa kisu. Akakutana na mbuzi, akamuuliza kama ameshakula. (Jiji tumekuwa tangu Desemba 2021, ila mbuzi hawajapata habari.) Mchana mvua ilikuwa imenyesha. Tunaambiwa jina Nakuru ni la Kimasai, mahali pa vumbi. Aliyelitoa hakuja mwezi wa nne. Gambuti moja ikanaswa kwenye tope, mguu ukatoka mtupu. Mtoto amening'inia shingoni mwangu, mimi nimeinama navuta, tope linavuta kwake. Ilipochomoka ikalia kama ng'ombe anayetoa mguu bwawani, nami nikakaa chini.

Hapo ndipo mulika mwizi ikawaka.

"Baba! Kumbikumbi!"

Wakawa wengi kama makapi ya mahindi siku ya kupepeta. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kwetu Vihiga hicho ni chakula, kwamba wanakaangwa bila mafuta, kwa chumvi kidogo tu. Na kwa kweli nawaonea wivu. Kumbikumbi akitua anatupa mabawa, anapata mwenzi, wanachimba shimo, maisha yameanza. Hawana kodi ya nyumba. Hawana kitabu.

Watoto wa mtaa walikuwa tayari na karai la maji, mbele ya duka. Wangu hana chombo. Akageuka, akaniangalia kichwani.

"Baba, leta kofia."

Nikatikisa kichwa. Akaanza kulia ile ya kuvuta pumzi kwanza, unayojua ikitoka wataisikia hadi Rhonda. Nikatoa kofia.

"Ai! Kumbe ni wewe?" Mwenye duka ameegemea dirisha, taa inamulika upara wangu. "Nilidhani mlihama."

"Hatujahama," mtoto akajibu huku anaokota. "Baba alisema tupite kabla taa haijawaka."

Yule mama hakusema neno. Alimtazama mtoto, akatazama kofia inayotambaa, akaona huruma. "Kijana wangu, usiharibu kofia ya baba. Chukua mfuko." Na unajua tangu 2017 juala za plastiki zilipigwa marufuku, siku hizi mfuko ni ule wa kununua.

Akalamba kidole, akafungua kitabu, akaupata ukurasa wangu bila kuutafuta. Chini ya 340 akaandika: mfuko, 10.