Kabla ya Kuwaita Wasaliti

Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 2025 na kakake Oburu akashika usukani wa chama chake cha ODM, ubishi haujakatika: chama kibaki katika serikali jumuishi ya Rais William Ruto hadi uchaguzi wa Agosti 10, 2027, au kitoke mapema kikajitafutie wabunge wake? Wanaotaka kitoke ndio wanaosikika. Wanaotaka kibaki wanaitwa wasaliti na mjadala unafungwa. Mimi naona wamehukumiwa kabla ya kusikizwa.

Tuanze na kura 233,211. Hizo ndizo William Ruto alizompita nazo Raila mwaka 2022. Waliompigia Raila walikuwa zaidi ya milioni 6.9, na kwa Katiba ya sasa mgombea wao hakupata hata kiti cha kukalia Bungeni. Zamani haikuwa hivyo: mgombea urais alilazimika kugombea ubunge pia, ndiyo maana Mwai Kibaki aliposhindwa 1997 alirudi Bungeni akiwa Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Leo aliyeshindwa kwa kura laki mbili na ushei anarudi nyumbani sawa na aliyeambulia mia tano, na watu wake wanaambiwa wangoje miaka 5. Wengine hata hawakuambiwa kwa upole. Rigathi Gachagua, akiwa Naibu Rais, alifananisha serikali na kampuni ambayo wenye hisa ndio wanaostahili kula kwanza. (Leo yuko upinzani, naye ni miongoni mwa wanaoikemea ODM kwa sauti ya juu zaidi.) Mkazi wa Siaya au Kilifi aliyesikia maneno yale anapoona John Mbadi akipewa Hazina ya Taifa na Hassan Joho akipewa Madini, usitarajie aone usaliti. Anaona mlango uliokuwa umekomewa umefunguliwa kidogo.

Tena kuhama kwa wabunge hakukuanza na ODM. Hakuna chama kilichofikisha peke yake viti 175 kati ya 349 vya Bunge la Kitaifa. Wingi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ulipatikana Oktoba 2022, Spika Moses Wetang'ula alipowahesabu upande wa serikali wabunge 14 waliochaguliwa kwa tiketi za vyama tanzu vya Azimio, muungano wa Raila. Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo. Siku chache baadaye Spika akatangaza tena kwamba Kenya Kwanza ndiyo yenye wengi, 165 kwa 154. Basi Ruto na Raila walipotia saini mkataba wa ushirikiano wa hoja 10 pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, Machi 7, 2025, angalau walifanya hivyo mbele ya kamera. Wale 14 nani aliona mkataba wao?

Hata hivyo wakosoaji nao wana namba yao, nayo haipuuziki: 106. Juni 25, 2024, vijana wakiwa wamejaa barabarani, wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha na 106 wakasema la. Benchi la Azimio ndilo lililobeba sehemu kubwa ya hiyo la. Mwaka uliofuata bajeti ilisomwa na Mbadi mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM. Mswada mbaya ukija tena, hao 106 watatoka wapi?

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi ya hilo. Katika chaguzi ndogo za Novemba 2025, UDA, chama cha Ruto, na ODM waliachiana maeneo: Ugunja, Kasipul na Magarini zikaenda ODM, Malava na Mbeere Kaskazini zikaenda UDA. Mtindo huo ukisambazwa kwa maeneo bunge yote 290, mpiga kura wa ngome atakuta vyama viwili vikubwa vimeshaamua mbunge wake kabla hajapanga foleni. Jaramogi Odinga, babake Raila, alipojiondoa serikalini 1966 na kuunda chama cha upinzani cha KPU, sheria ilibadilishwa haraka ili wabunge waliomfuata warudi kwa wapiga kura, na wachache tu ndio waliopona. Anayehama kwenda upinzani alirudishwa debeni; anayehamia serikalini huwa anaulizwa hali ya familia.

Kwa hiyo sina ugomvi na ODM kukaa mezani na Ruto. Ugomvi wangu ni na kukaa huko huku ikiwaambia wafuasi wake kwamba bado haijaamua. Sheria ya vyama, iliyorekebishwa 2022 ili Azimio isajiliwe, inataka mkataba wa chama cha muungano uwe kwa Msajili miezi 4 kabla ya uchaguzi. Hiyo ni Aprili 2027. Wakisubiri mpaka siku ya mwisho ndipo wauweke wazi, mchujo utakuwa mlangoni, na mpiga kura wa Magarini anayetaka ODM isiyo na UDA ndani yake hatakuwa na muda wa kumtafuta mgombea mwingine.