Milango Iliyopangiwa Tarehe

Mteja wetu mmoja, aliyekuwa akijenga nyumba ya ghorofa tatu nje kidogo ya Dar es Salaam, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu, alitupa sharti ambalo ofisi yetu ya uchoraji ramani haikuwa imewahi kupewa: majedwali yote yaandikwe kwa Kiswahili, ili mafundi wayasome wenyewe bila mkalimani. Sharti lilikuwa jema, na hadi leo silisemi vibaya. Hivyo milango ikapewa herufi M na madirisha herufi D. M1-1 ulikuwa mlango wa kwanza wa ghorofa ya kwanza, M3-2 mlango wa pili wa ghorofa ya tatu, na milango ya maduka ya chini ikaanzia M0-1.

Jedwali lenyewe lilitunzwa na mkadiriaji majenzi katika Excel, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha vipimo na aina za mbao kila alipoongea na mteja. Zamani tulikuwa tukilinakili na kulibandika kwenye ramani kama picha, nalo likichapishwa linatoka limekatwa mistari ya chini, jambo ambalo limewahi kukinyima choo mlango. Kwa bahati, tangu toleo lake la 2008, AutoCAD, programu tunayochorea ramani, inaweza kuunganisha jedwali lake na faili la Excel moja kwa moja: seli hufungwa kwa kikufuli kidogo, na faili likibadilika, kijibango huchomoza kwenye kona ya chini ya skrini kikiuliza kama ungependa kusasisha. Tuliuona mpango huu kuwa ndio ustaarabu wenyewe.

Kisha msanifu majengo akalalamika kwamba herufi M, kwa upana wake, ilikuwa ikigusa kingo za viduara vinavyobeba alama za milango. Madirisha hayakumkera, kwa sababu D ni nyembamba. Akaagiza M iondolewe. Kazi akapewa kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, mwepesi wa vidole kuliko sisi sote, ambaye aliiamuru Excel itafute kila M na kuweka patupu mahali pake. Excel, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo isipoambiwa, ilitii kwa moyo wote. Mninga ukawa ninga, mlango wa chumba ukawa lango wa chuba, na kwenye mstari wa maduka kukatokea choo cha wanaue. Tulicheka hadi mhasibu akafunga mlango wake. Kijana akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akachagua safu ya alama peke yake, akarudia amri ileile, akahifadhi faili na kwenda kula.

Kilichotokea kwenye safu hiyo hakuna aliyekitazama, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshamaliza uangalifu wote wa siku. Excel ikiona 3-2 haioni mlango, inaona tarehe, na kwenye kompyuta zilizoachwa na mipangilio ya Kimarekani, kama zilivyo nyingi za kwetu, mwezi hutangulia siku. Kwa hiyo 3-2 ikawa tarehe 2 Machi. (Wanasayansi wa jenetiki waliteswa na tabia hiihii kiasi kwamba mwaka 2020 iliwabidi wabadilishe majina ya jeni kadhaa za binadamu yaliyofanana na tarehe, sisi tulikuwa na milango tu.) Jioni, plota, mashine ya kuchapishia ramani, ikisubiri, kijibango kikachomoza, nikabofya kusasisha kama kila mtu anavyobofya, na karatasi ya A1 ikatoka safi, ikaenda kwa mafundi.

Simu ilipigwa na fundi seremala, mzee mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nimeiona ratiba. Kwa kweli mmetuheshimu, maana wachora ramani hawajawahi kutuambia mlango gani unatakiwa siku gani. Ila mlango wa kwanza mmeuweka tarehe 1 Januari, na mwingine tarehe 12, Sikukuu ya Mapinduzi. Vijana wangu siku hizo watataka malipo ya sikukuu."

Nilifungua ramani huku nikijikohoza. Lililonishangaza ni jinsi jambo lile lilivyoleta maana. Ghorofa ya kwanza, yenye milango 14, ilikuwa imepangiwa Januari, mlango mmoja kwa siku. Ya pili ikaangukia Februari. Ya tatu ikaangukia Machi. Hata sisi tungekaa kuandaa ratiba kwa makusudi tusingeipanga vizuri namna ile. Lakini 0-1 haiwezi kuwa tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa sifuri, hivyo milango ya maduka ilibaki na alama zake, na mzee akaamua kwamba isiyo na tarehe haina haraka. Maduka ndiyo mteja aliyotaka yafunguliwe kwanza.

Kijana alijitolea kurekebisha. Akaichagua safu, akaiambia Excel kwamba haya ni maandishi tu, si tarehe, nayo ikakubali kwa ukaidi wake: ikafunua namba inayoficha nyuma ya kila tarehe, yaani hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Kwa kuwa tulikuwa mwaka 2022, mlango wa 1-1 ukawa 44562 na wa 3-2 ukawa 44622. Kiungo kikasasisha, ramani ikatumwa tena, na safari hii akapiga simu msimamizi wa mafundi, akiuliza kwa sauti ya chini kama mteja anafahamu kwamba anajenga nyumba yenye milango elfu arobaini na nne na ushee.

Mwishowe mkadiriaji mwenyewe aliifuta safu yote, akaipa umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote, kisha akaziandika alama upya moja baada ya nyingine, huku kijana akizisoma kwa sauti kama anayeita mahudhurio darasani. Tulichapisha, tukakagua kwa kioo cha kukuzia, tukampelekea mteja na barua ya kumwomba aitupe ile ya kwanza.

Mteja alikataa. Ile ya kwanza alikuwa ameshaitia saini, akaibandika ukutani na kuagiza mbao kwa kuifuata, na mzee seremala alikuwa amekubali kuanzia kwenye maduka mradi tarehe nyingine zibaki. Alichotaka kutoka kwetu ni jedwali la madirisha, kwa sababu, alivyosema, hilo tulisahau kuliwekea tarehe.