Salim hakuponzwa na ngoma

Jina la Dk. Salim Ahmed Salim likitajwa barazani, hakosi mtu wa kusema: "Yule aliponzwa na ngoma." Kisa chenyewe ni cha usiku wa 25 Oktoba 1971. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipa Beijing, yaani China ya Kikomunisti, kiti kilichokuwa cha Taiwan, na wajumbe wa Tanzania, Salim akiwa balozi wao, wakashangilia mpaka wakacheza mle ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule alikuwa George Bush, baba. Miaka 10 baadaye Salim akagombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bush keshakuwa Makamu wa Rais, na Marekani ikamzuia. Watu wakajumlisha.

Kisa kitamu, lakini kinatupumbaza. Kinaligeuza suala la siasa kuwa kinyongo cha mtu mmoja.

Salim, mtoto wa Pemba aliyepewa ubalozi wa Misri akiwa na miaka 22, alikuwa ameongoza kwa miaka kadhaa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni. Msimamo wake juu ya makaburu na Wapalestina ulijulikana. Kwa serikali ya Reagan hilo lilitosha, hata kama asingeinua mguu.

Maana kiti cha Katibu Mkuu hakitolewi na Baraza Kuu, lenyewe linaidhinisha tu. Kinatolewa na Baraza la Usalama, na humo mataifa matano yana kura ya turufu: moja tu likikataa, jina limekufa. Anayepita ni yule ambaye hakuna mkubwa anayemwogopa. Wakati mwingine wanakosea hesabu: mwaka 1953 walimchukua Dag Hammarskjöld wakidhani ni karani mpole, kumbe si huyo. Vita vya Kongo vilimkosanisha na Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, aliyetaka nafasi yake igawiwe watu watatu. Septemba 1961 akafa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, na mpaka leo ajali ile ina maswali.

Katibu Mkuu Boutros-Ghali wa Misri naye, alipotaka muhula wa pili mwaka 1996, aliungwa mkono na wajumbe 14 kati ya 15. Aliyebaki alikuwa Marekani. Basi.

Turudi 1981. Katibu Mkuu wa wakati ule, Kurt Waldheim wa Austria, alitaka muhula wa tatu, China ikamwekea turufu. Salim akawekewa na Marekani. Raundi 16, wiki sita, hakuna anayesogea. Aliyekwamua mkwamo ni kijana wa Uganda, Olara Otunnu, umri miaka 31, zamu ya urais wa Baraza la Usalama ilipomwangukia Desemba. Aliwaomba wote wawili wakae pembeni, akaendesha kura za majaribio, zisizo rasmi, na akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kura hizo za majaribio zingali zinatumika. Ndizo zilizompitisha António Guterres kuwa Katibu Mkuu mwaka 2016. Barazani Otunnu hatajwi kabisa, nami naona tunamdhulumu.

Salim alikuja kuiongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, kuanzia 1989 hadi 2001. Na Waldheim, ambaye Marekani ilimwona bora kuliko Mpemba? Mwaka 1986 iligundulika kwamba alificha utumishi wake katika jeshi la Hitler huko Balkani. Mwaka uliofuata, akiwa Rais wa Austria, Marekani ikampiga marufuku kukanyaga ardhi yake.